Miondoko ya upanga wa Kijapani: dhana potofu na kazi yake halisi

Katika iai, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga na kukata kwa mkupuo mmoja, mtazamaji huona madoido tele: ala ya upanga inavutwa nyuma, upanga unatikiswa hewani, kisha unarudishwa taratibu kama ibada. Sehemu kubwa ya madoido hayo ilizaliwa na mambo mawili tu: makali yaliyo karibu mno na vidole vya mwenye upanga, na adui ambaye huenda bado yu hai.

Dhana: Kuchomoa ni kazi ya mkono wa kulia, na siri yake ni kasi.

Anayeanza ni mkono wa kushoto. Katana, yaani upanga huo wa Kijapani, haichezi ndani ya ala kwa sababu habaki, yaani pete ya chuma inayovishwa shinani mwa upanga, imebana kwenye mdomo wa ala. Dole gumba la kushoto husukuma kwanza tsuba, kile kikingio cha mkono, mpaka habaki iachie. Ukiruka hatua hiyo, unavuta na upanga hautoki. Dole lenyewe hukaa pembeni kidogo. Katana huvaliwa makali yakitazama juu, hivyo dole lililo katikati hukatwa upanga unapopita.

Baada ya hapo upanga huteleza kwa mgongo wake. Mwenye papara huyakandamiza makali kwenye ala, na ala ni vipande viwili vya mbao laini vilivyogandishwa kwa gundi ya wali. Makali yanaweza kuipasua na kufikia vidole vinavyoishika. Hii ndiyo sababu wanaoanza hupewa iaito, upanga wa mazoezi usiotiwa makali, na huambiwa waende polepole.

Na ala huvutwa nyuma kwa nini? Upanga una urefu wa takriban sentimita 70, na mkono mmoja hauwezi kuutoa wote bila mwili kupinda. Mkono wa kulia ukienda mbele huku wa kushoto ukirudisha ala, ncha hutoka mapema na kifua hufunguka, jambo linaloupa mkato wa kwanza nguvu. Asiyevuta ala utamjua haraka: bega la kulia linapanda, mwili unainama mbele, na ncha inakwaruza mdomo wa ala.

Dhana: Kuutikisa upanga baada ya kukata, yaani chiburi, ndiko kuusafisha.

Damu haitoki yote kwa kutikiswa. Utando wake hubaki, na upanga ukirudishwa alani hivyo, unashika kutu na ala inachafuka ndani. Upanga ulisafishwa kwa kufutwa, kwa karatasi au kitambaa.

Tazama basi upanga uko wapi chiburi inapofanyika. Katika chiburi ya pembeni ya mkondo wa Muso Jikiden Eishin-ryu, mkono wa kulia hupeleka upanga kulia, ncha ikibaki imeelekea mbele, na mkono wa kushoto unarudi kiunoni kuikuta ala. Macho hayamwachi aliyeanguka. Akijaribu kuinuka, upanga uko tayari kuchoma au kukata. Utayari huo huitwa zanshin, na huendelea hata upanga unaporudishwa alani; ndiyo sababu kurudisha upanga hakuharakishwi. Kosa la kawaida ni kutikisa kwa mbwembwe mpaka ncha iende mbali pembeni. Inapendeza kwenye video, lakini mbele umebaki wazi.

Dhana: Mkono wa kulia, ulio karibu na tsuba, ndio unaotoa nguvu.

Mkono wa kushoto, mwishoni mwa mpini, ndio injini, hasa kidole cha mwisho na cha pete. Wa kulia huongoza njia. Ukitumia nguvu nyingi za kulia, makali hayafuati tena mwelekeo wa mkato. Aliyewahi kufyeka nyasi anajua panga linavyoruka likitua kwa ubavu. Kwa katana hasara ni kubwa zaidi. Kwenye mkeka wa tatami uliolowekwa na kuviringishwa ili ukatwe, upanga ulioingia vibaya hujigeuza katikati, hunasa, na unaweza kupinda. Kinachokata vizuri ni theluthi ya mbele, ikivutwa kidogo inapopita, si kugongwa kama shoka. Kabla ya zoezi lolote, kagua kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini kwenye chuma. Kikivunjika, upanga unaweza kuchomoka na kuwarukia watu.

Dhana: Mfereji ubavuni ni wa kupitisha damu.

Hapana. Unapunguza uzito. Pia huvuma upanga unapokata hewa, na mvumo safi humwonyesha mwanafunzi kwamba pembe yake iko sawa.

Dhana: Samurai walikinga pigo makali kwa makali.

Makali ya katana yamefanywa magumu sana makusudi, na kitu kigumu hivyo humeguka. Katika ukenagashi, mbinu ya kulitelezesha pigo, upanga huinuliwa juu ya kichwa ukiwa mshazari, ncha ikishuka, mwili ukitoka kwenye mstari wa pigo. Upanga wa adui huteleza ubavuni na kupita, na mwendo uleule unageuka kuwa mkato wa kujibu. Anayeganda mahali pamoja na kupokea pigo kwa nguvu hajafanya ukenagashi, hata kama mikono yake imekaa sawasawa.

Dhana: Mkao wa chini na mipigo ya ajabu ya shule za kale ni mtindo tu.

Tenshin Shoden Katori Shinto-ryu, iliyoanzishwa karne ya 15, ilifundisha watu waliovaa deraya. Katana haikati deraya, kwa hiyo mikato hutafuta mianya: shingo, kwapa, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kinena. Magoti hukunjwa kwa sababu mwili umebeba uzito. Shule za zama za amani, wapiganaji wakiwa na nguo za kawaida, zilisimama wima zaidi, na mwili mzima ukawa shabaha.