Mtoto mwenye shoto: maswali ya wazazi na majibu yake

Mwanangu ana miaka minne, kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto. Nimbadilishe?

Hapana, tafadhali mwache. Shoto si ugonjwa wala ukaidi. Takriban mtu 1 kati ya 10 duniani ana shoto. Mkono wa kushoto huongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na wa kulia huongozwa na upande wa kushoto. Ukimchapa au kumfokea, hubadilishi maumbile hayo, unamtia unyonge tu na kumfanya aione kalamu kama adui. Msaidie kwa mambo madogo: karatasi aiinamishe, kona ya juu ya kushoto ikiwa mbali naye kuliko ya kulia, kalamu aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika, apate mkasi wa shoto, na darasani akae upande wa kushoto wa mwenzake, viwiko visigongane.

Basi hakuna la kunitia wasiwasi?

Lipo moja, na wazazi wengi hulifurahia bila kujua. Mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili, leo huu, kesho ule. Mkono wake hasa hudhihirika kati ya miaka 2 na 4. Akiwa hajafikisha mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, uwe wa kulia au wa kushoto, huku ule mwingine ameufumba ngumi au umekaza, mpeleke kwa daktari. Huenda mkono huo una udhaifu, pengine kutokana na mtindio wa ubongo, na mazoezi yakianza mapema humsaidia sana.

Mimi na baba yake sote tunatumia kulia. Shoto kaitoa wapi?

Kurithi kupo, lakini ni sehemu tu. Wenye shoto wengi wamezaliwa na wazazi wa kulia, na hata pacha wanaofanana kabisa huweza kutofautiana.

Ni kweli wenye shoto hufa mapema?

Si kweli. Dai hilo lilivuma mwaka 1991, watafiti walipolinganisha umri wa waliofariki. Walichokosea ni hiki: wazee wengi wa wakati ule walilazimishwa utotoni kubadili mkono, wakahesabiwa kuwa wa kulia. Waliobaki wakijulikana kuwa na shoto walikuwa zaidi vijana, kwa hiyo waliokufa miongoni mwao nao walikuwa vijana.

Na wanyama je?

Kangaruu wengi hulia chakula mkono wa kushoto, na kasuku wengi wana mguu wanaoupendelea kushikia tunda. Konokono wa aina nyingi wana magamba yanayojisokota kuelekea kulia.

Nimesikia kuna watu wenye moyo upande wa kulia. Ndiyo shoto hiyo?

La, ni jambo jingine. Takriban mtu 1 kati ya 10,000 ana viungo vya ndani vilivyopinduka kama kwenye kioo, na wengi wao huishi salama. Kila daktari anayewatibu aambiwe, maana kidole tumbo kikivimba, maumivu yao yatakuwa kushoto.