Ndege wa Dar es Salaam na Tope Tunalolidharau

Uhifadhi wa ndege ukitajwa, wengi wetu tunafikiria heroe wa Ziwa Natron au tai wa Serengeti. Ni nadra mtu kufikiria mdomo wa Mto Msimbazi, ingawa magari hupita hapo kutwa kwenye Daraja la Selander na lile la Tanzanite. Ukipita asubuhi maji yakiwa yamekupwa, hebu tazama chini. Lile tope ni sehemu muhimu sana kwa ndege wa jiji letu, na ndilo ninaloona likisahaulika kuliko yote.

Kwa mpita njia ni mahali pa taka na harufu tu. Ila chini ya uso wake kuna minyoo, kaa wadogo, chaza na konokono, na kila ndege ana namna yake ya kuwafikia. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, huuzamisha kwenye shimo la kaa na kumtoa mzima mzima, kisha humtikisa mpaka miguu ikatike kabla ya kummeza. Vitwitwi hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, hukimbia tena. Yangeyange na kulasitara hungoja samaki kwenye vijito vinavyobaki maji yakitoka.

Wengi wa ndege hao si wenyeji. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, uzito wake hata gramu mia hazifiki, ambaye huzaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Kutoka huko hadi hapa ni karibu kilomita 10,000. Yuko pia ndege mla kaa, mweusi na mweupe, mwenye mdomo mnene mweusi. Huyu huzaliana Oman, Ghuba ya Uajemi na visiwa vya Bahari ya Shamu, na hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa ndege wa jamii za ufukweni. Wageni hawa huanza kufika kuanzia Agosti, na wengi huondoka Machi na Aprili.

Hapa kuna jambo moja ambalo hata watu wanaopenda ndege hawalijui vizuri. Ndege wa matopeni wanahitaji sehemu mbili, siyo moja. Maji yakikupwa wanahitaji tope la kulia chakula. Yakijaa, tope lote linafunikwa, na wao hawaogelei. Lazima wapate fungu la mchanga, mikoko au mashamba ya chumvi kama yale ya Kunduchi, wasimame hapo kwa saa kadhaa wakingoja. Tukiwaachia tope tukawanyang'anya pa kungojea, wataondoka hata kama chakula kipo.

Ndiyo maana mbwa anayefunguliwa ufukweni akawakimbiza ndege "kwa kucheza" analeta madhara halisi. Mwezi Machi ndege hawa wanakula bila kupumzika ili wajaze mafuta ya safari, na kila wanaporushwa bila sababu wanachoma akiba hiyo. Ndege akiondoka na mafuta pungufu, anaweza kuanguka njiani au kufika kwenye mazalio akiwa hana nguvu ya kutaga. Tafadhali, mkiona kundi limesimama kimya mchangani wakati wa maji kujaa, zungukeni mbali.

Tishio kubwa zaidi ni kifusi. Mtu anamwaga lori moja pembeni mwa mikoko, kisha la pili, mwaka ukiisha kuna ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Mikoko nayo ni hifadhi ya misitu, na huwezi kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mikoko hiyo hiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki wachanga, kwa hiyo anayeikata anamdhuru mvuvi pia.

Sasa kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka, wakaenea pwani yote hadi Mombasa na zaidi. Wanakula mayai na makinda ya mnana, chozi na njiwa, na wamembana kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mimi naunga mkono kuwapunguza, ila kunguru yupo kwa sababu tunamlisha. Matumbo ya samaki pale soko la Feri, majalala yasiyofunikwa, mifuko ya taka inayolala barabarani ikisubiri gari: bila kushughulikia hayo, waliobaki watazaa na kujaza nafasi. Na usitege sumu mwenyewe. Mwewe, paka na nguchiro wataila kabla ya kunguru, maana kunguru ana akili ya kuitambua hatari.

Bundi naye nina neno juu yake. Sauti ya kukoroma inayotoka darini usiku, ambayo imewafanya watu waite waganga, mara nyingi ni makinda ya bundi yakidai chakula. Wazazi wao wanawaletea panya usiku kucha. Chini ya kiota utakuta vidonge vya manyoya na mifupa ya panya vilivyotapikwa na bundi hao. Bundi hamletei mtu kifo. Ukimuua umejiongezea panya, na ukitega sumu ya panya, bundi atakayemla panya aliyekula sumu anaweza kufa naye.

Kwa mwenye uwanja nyumbani, usiufunike wote kwa saruji. Mgomba mmoja wenye ua unatosha kumleta chozi. Mti mzee wenye tundu uacheni kama hauhatarishi nyumba, kwani ndege wengi hutaga kwenye matundu na hawawezi kuyatoboa wenyewe. Kumkamata ndege wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama anauzwa hadharani kwenye tenga.

Ukiona lori linamwaga kifusi kwenye mikoko au tope, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa serikali ya mtaa, NEMC (baraza la taifa la mazingira) au ofisi ya misitu ya wilaya. Andika mahali, saa na namba ya gari, na kama ni salama piga picha inayoonyesha namba hiyo pamoja na kifusi chenyewe.