Sauti ya dijitali haina ngazi

Hapa Goma wengi bado wanaamini kwamba kompyuta hutoa sauti ya ngazi-ngazi, yaani wimbi lililokatika-katika kama vidato, na kwamba ni kisanduku cha nje cha kugeuza dijitali kuwa analogi tu kinachoilainisha. Sivyo. Kwenye CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hiyo yatosha kulirudisha wimbi la sauti likiwa laini kabisa hadi hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde), karibu na ukomo wa sikio la binadamu. Kompyuta yako ina kigeuzi chake ndani tayari.

Simamisha wimbo, sogea kwenye spika. Ukisikia mikwaruzo inayofuata kipanya kinaposogezwa, hapo kisanduku huenda kikakusaidia kweli. Kukiwa kimya, ndugu yangu, dola zako zipeleke kwenye spika bora, na spika hizo uzivute mbali kidogo na kona ya chumba. Besi itapunguza kunguruma.