Je, wajua kwa nini mbegu za mlonge husafisha maji ya matope?

Twanga mbegu mbili za mlonge zilizomenywa, koroga unga wake katika lita moja ya maji ya mto yaliyochafuka, kisha yaache yatulie saa moja au mbili. Matope yatajikusanya mabonge mabonge na kuzama. Wanawake wa Sudan wanaoishi kando ya Nile walilijua hili kabla ya maabara yoyote. Mti wenyewe wakauita kwa Kiarabu shagarat al-rauwaq, mti wa kusafishia maji.

Matope hayazami yenyewe kwa sababu chembe za udongo ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Kinachozipatanisha ni protini iliyo ndani ya mbegu. Lakini mbegu ina protini chungu nzima. Utaijuaje ni ipi?

Kwanza mbegu husagwa, na mafuta huondolewa kwa kimiminika kama ethanoli. Unga uliobaki hulowekwa katika maji ya chumvi na kuchujwa, kama mtu anayekamua nazi: machicha kando, tui kwenye bakuli. Ndani ya "tui" hilo humwagwa amoniamu salfeti, chumvi yenye uchu wa maji. Protini zikinyang'anywa maji huganda na kushuka chini. Mgando huo huyeyushwa upya, ukatiwa katika kifuko chenye vitundu vidogo sana na kuzamishwa katika maji safi. Chumvi hutoka, protini hubaki.

Hapa ndipo panaponifurahisha. Mchanganyiko hupitishwa kwenye bomba lililojazwa chembechembe zenye chaji hasi. Protini nyingi hupita zao, ila ile ya mlonge, yenye chaji chanya, hung'ang'ania. Yaani imenaswa kwa tabia ileile inayoifanya inase matope! Ili kuibandua, humiminwa maji yenye chumvi zaidi na zaidi, na kila fungu linalotoka hujaribiwa kwenye maji machafu.

Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walichapisha sifa za protini moja waliyoipata: ina asidi amino (vipande vinavyounda protini) 60 tu, uzito wa kama daltoni 6,500 (daltoni moja ni kama uzito wa atomu moja ya haidrojeni), na imesheheni ajinini, asidi amino yenye chaji chanya. Ni kadogo kweli. Himoglobini ya damu yetu ina uzito wa takriban daltoni 64,000.

Maji yakishatakata bado yachemshe, maana si vijidudu vyote vinavyozama na matope. Wala usiyaweke siku nyingi: mabaki ya mbegu huoza na kuyatia harufu. Na kama unakamua mafuta ya mlonge, usitupe mashudu. Mafuta yametoka, lakini protini ile bado imo.