Hawa Umewatafunia

Juma lililopita, katika kikao cha kupitia mitihani ya mwisho wa muhula, mwenzangu mmoja aliishika karatasi yangu, akaisoma kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha akasema kwa upole wa kuudhi: "Mwalimu, hawa umewatafunia." Ushahidi wake kwamba mtihani ni mwepesi mno ulikuwa mmoja tu, kwamba aliyaelewa maswali yote kwa kuyasoma mara moja. Nimeisikia hoja hiyo tangu nianze kufundisha isimu, yaani taaluma ya lugha, na safari hii, niliporudi nyumbani Malindi, niliona heri niiandikie jibu kuliko kuimeza tena.

Kuelewa unachoulizwa na kuweza kukijibu ni mambo mawili. La kwanza liwe jepesi kwa kila mtahiniwa aliyeketi chumbani. La pili liwe gumu kadiri unavyotaka. Mtahiniwa anayepoteza dakika kumi akisaka maana ya swali atapewa alama za subira na za kuuzoea uandishi wako, ilhali karatasi imeandikwa juu kwamba inapima fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha.

Nitoe mfano wa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga swali la kuchagua jibu lililosema: "Ni sifa ipi kati ya zifuatazo isiyokosa kutopatikana katika Kiamu?" Nakumbuka nililionea fahari. Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Lamu, kunakosemwa lahaja hiyo, anayesema "ndia" na "mato" tangu utotoni, alilikosa. Alipokuja ofisini aliniambia kwa adabu: "Mwalimu, Kiamu nakijua. Hiki ulichokiandika ndicho nisichokijua." Sikuwa na la kumjibu.

Hapa ndipo ninapokereka zaidi, kwa hivyo mniwie radhi nikikawia. Vitabu vya upimaji huonya dhidi ya ukanushi katika shina la swali, yaani sentensi inayouliza, na hushauri kwamba ukilazimika kuutumia, neno la kukanusha lipigiwe mstari au likolezwe wino. Ushauri huo unaifaa lugha ambayo ukanushi wake ni neno zima. Wetu mara nyingi ni silabi moja iliyojificha tumboni mwa kitenzi: "kinachosababisha" na "kisichosababisha" vinatenganishwa na "na" na "si", basi. Jicho la mtu mwenye haraka huiruka silabi hiyo, na ukiikoleza peke yake, neno huonekana limekatwa vipande. Tena mfikirieni mtahiniwa asiyeona, anayesomewa karatasi na msaidizi au na programu ya kompyuta: wino mzito hausikiki. Mimi siku hizi huitoa "si" nje ikasimama yenyewe, kwa mfano, "Sentensi moja kati ya hizi si sahihi. Ni ipi?", kisha humsomea mtu swali kwa sauti, mara moja tu, na kumtaka anieleze ameulizwa nini. Akisema "rudia", narudi mezani.

Swali langu la Kiamu sasa linasomeka hivi: "Kiamu kina 'ndia' na 'mato' pale ambapo Kiswahili sanifu kina 'njia' na 'macho'. Je, tofauti hizi mbili ni za aina moja? Tetea jibu lako kwa kurejelea mahali pa matamshi." Hakuna neno la kumkwaza mtu, na bado wengi hulia nalo.

Mengine nitayapitia upesi. Maswali mawili yasibanwe katika sentensi moja yenye alama 20 bila kugawa alama hizo. Mchoro uambatane na maelezo. Na wale wanaoamini kwamba tangu Benjamin Bloom na wenzake watoe ngazi zao za malengo ya elimu mwaka 1956 kitenzi "tathmini" kinatosha kulipandisha swali, wajue kwamba "Tathmini fasili ya lahaja", kama tathmini hiyo ilikwisha kuandikwa ubaoni, ni swali la kukariri lililovaa joho.

Nina mashaka yangu pia. Utaratibu wa swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mawili ya kuchagua, nautumia kwa sababu ndio uliopo, ingawa waliochagua maswali tofauti wamefanya mitihani tofauti na sisi tunaiita mmoja. Zito zaidi ni hili: katika somo la Kiswahili, kusoma sentensi iliyosokotana huenda ni sehemu ya ujuzi tunaoupima. Katika kozi ya ushairi wa kale sina ubishi, lakini hapo ugumu hutoka kwa mshairi. Mtunzi wa mtihani anapoongeza wake juu, sijui ataugawaje wakati wa kusahihisha.

Yule mwenzangu nilimsogezea swali la "ndia" na "mato" palepale kikaoni, nikamwomba alijibu kwa kuwa limetafunwa. Alilisoma mara moja na kulielewa. Mpaka leo anasema yuko mbioni kuniletea jibu.