Namba haistaafu, hustaafishwa

Nimesikia tena mtangazaji akisema jezi ya mchezaji "imestaafu", kisa tu mwenyewe ameondoka na msimu umeanza bila mtu kuivaa. Jezi hiyo haina mvaaji, basi. Kustaafisha namba ni uamuzi wa klabu au ligi kwamba haitagawiwa tena, kwa heshima ya aliyeivaa.

Staafu tumelitoa kwenye Kiarabu, istaafa, yaani kuomba kuachiliwa, kwenye mzizi uleule uliotupa afu, msamaha. Anayestaafu ni mtu anayeomba apumzike. Namba haichoki wala haiombi. Najua wengi wanaikwepa "staafishwa" kwa sababu inawakumbusha mtumishi aliyestaafishwa kwa manufaa ya umma. Michezoni, kauli hiyohiyo ndiyo yenye heshima kubwa.

Chukua Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani. Tarehe 4 Juni 1972 walistaafisha namba tatu kwa mpigo: 42 ya Jackie Robinson, 39 ya Roy Campanella na 32 ya Sandy Koufax. Wenye namba hizo walitoka uwanjani kila mmoja kivyake. Koufax alistaafu mwaka 1966 akiwa na miaka 30 tu, kiwiko kimemshinda. Campanella hakuomba chochote. Ajali ya gari ya Januari 1958 ilimpooza. Robinson, ambaye tarehe 15 Aprili 1947 alivunja mwiko wa kuwafungia wachezaji Weusi nje ya ligi kuu, alitundika daluga baada ya msimu wa 1956, na mahasimu Giants waliokwisha kukubaliana na Dodgers kumchukua wakamkosa. Alikuwepo siku ile ya Juni, mvi tupu kichwani. Oktoba mwaka huohuo alifariki.

Mwaka 1997 ligi nzima ikaistaafisha 42, heshima ambayo haikuwahi kutolewa. Waliokuwa wakiivaa waliruhusiwa kuendelea nayo. Wa mwisho, Mariano Rivera wa Yankees, alicheza hadi 2013. Na tangu 2009, kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa.

Kwa hiyo anayeandika kwamba "42 ilistaafu 1956" amechanganya mtu na jezi yake. Mwaka ule alistaafu Robinson. Namba yake ilistaafishwa na klabu 1972, kisha na ligi 1997.