Kufunga programu za simu hakuokoi chaji

Pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ni kawaida kumwona mtu akitoa simu mfukoni na kufagia programu zote kwa kidole, kwa imani ya miaka mingi kwamba zikiachwa nyuma zinamaliza chaji. Imani hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Orodha ile unayoifagia huonyesha programu ulizofungua karibuni, si zinazofanya kazi wakati huo. Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, huinyima programu iliyotulia zamu ya prosesa, yaani ubongo wa simu, na kuiacha tu ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya simu. Nayo RAM hutumia karibu umeme uleule ikiwa tupu au imejaa. Nafasi ikipungua, mfumo wenyewe huziondoa zile zisizohitajika sana. Ukiifunga programu ya ujumbe kisha ukaifungua baada ya dakika tano, simu hulazimika kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi na kuipanga tena, kazi ambayo kwa kawaida hula chaji zaidi kuliko kuiamsha. Inasikitisha, kwa sababu anayefanya hivyo anajitahidi kwa nia njema kabisa. Ya kufunga ni ile iliyokwama, au ramani uliyoiwasha ukitoka Tukuyu, ambayo bado inafuatilia safari ingawa umeshafika stendi.